Mwewe juu ya mnara na macho ya binti yetu

Mwezi ujao familia yetu inakwenda Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Kwa sisi wa Mbezi Luis safari ni nyepesi, basi tunapandia hapa hapa stendi ya Magufuli. Rafiki yangu mpiga picha ameniazima kamera, Nikon Coolpix P950 ya mwaka 2020, toleo lililoboreshwa la P900. Majuma mawili yaliyopita nikaijaribu nyumbani.

Kwa asiye na fedha za kununua lenzi kubwa, kamera hii ni msaada. Inavuta mara 83, ina sehemu maalumu ya kupigia picha za ndege, na kidirisha chake cha kuchungulia kinaonyesha vizuri kuliko cha toleo la zamani. Ubaya ni uzito: ni kilo moja. Ukivuta mpaka mwisho, mkono ukitetemeka kidogo tu, ndege ameshapotea.

Niliiegemeza juu ya ukuta, nikamlenga mwewe aliyetua kwenye mnara wa simu. Niliona mpaka umanjano wa mdomo wake. Nikamwita binti wa dada yangu, ana miaka tisa.

"Unamwona yule mwewe?"

"Yupi, mama mdogo?"

"Yule pale, juu ya mnara."

"Mnara upi?"

Nikadhani ananitania. Nikampa kamera, akasema anaona ukungu. Pembeni mwa kidirisha kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha kulingana na macho ya mtumiaji. Akakizungusha mpaka akapiga kelele: "Namwona! Anakula kitu!" Zamu yangu ilipofika, nikachungulia na kukuta ukungu mtupu. Palipokuwa safi kwa macho yake, kwangu hapakuonekana kitu.

Nilinyamaza. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na mtoto huyu ninaishi naye nyumba moja. Mwaka mzima daftari lake linarudi na maneno ya mwalimu kwamba hamalizi kunakili ubaoni. Mama yake alimgombeza. Mimi nilimwita mvivu. Kila jioni tulimfukuza mbele ya televisheni tukimwambia ataharibu macho, kumbe alisogea kwa sababu haoni.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu, "Nilijua watu wote wanaona hivi."

Jibu hilo halijanitoka. Mtoto ambaye hajawahi kuona vizuri vitu vya mbali hana cha kulinganisha nacho. Hawezi kulalamika. Ni sisi wakubwa tunaopaswa kugundua.

Kamera si kipimo cha macho, hivyo dada alimpeleka kliniki. Mtaalamu alimpima na kukuta haoni mbali kwa macho yote mawili, akamwandikia miwani. Dada aliogopa kwamba miwani itazidi kumharibu macho. Hapana. Miwani iliyopimwa sawasawa haiharibu macho ya mtoto. Ya kuokota sokoni bila kupimwa ndiyo ya kuepuka.

Mzazi, angalia dalili hizi: mtoto anakunja macho akitazama mbali, anasogelea televisheni, anashika kitabu karibu na pua, anaumwa kichwa baada ya masomo, au ananakili kwenye daftari la mwenzake. Ukiona mojawapo, mpeleke akapimwe. Hapa Dar es Salaam huduma za macho zipo hospitali kama Muhimbili na CCBRT, Msasani. Usisubiri matokeo ya mitihani yakuambie.

Pia mwache acheze nje. Taiwan, ambako watoto wengi hawaoni mbali, tangu mwaka 2010 shule zinahimizwa kuwatoa wanafunzi nje dakika 120 kwa siku, kwa sababu mwanga wa nje husaidia kuchelewesha tatizo hili. Kwetu jua halinunuliwi. Tunachokosa ni muda wa kuweka simu chini.

Jioni ya leo toka na mtoto wako hadi uani. Mwonyeshe kitu cha mbali, kunguru juu ya nguzo au maandishi ya duka la jirani, umuulize anaona nini. Mziba jicho moja, kisha jingine. Halafu msikilize, usimsaidie kujibu.