Inchi 34 pekee hazitoshi
Kanuni ya American Miniature Horse Association, chama cha Marekani cha farasi wadogo, humpima farasi mkomavu penye singa za mwisho za shingoni, na haimruhusu kuzidi inchi 34, yaani sentimita 86 hivi. Kipimo hicho kikiachwa peke yake humtuza mfugaji anayezidi kupunguza kimo, huku kasoro za jeni ya ACAN, ziletazo ubilikimo wenye taya na miguu iliyopinda, zikijificha ndani ya wazazi wanaoonekana wazima kabisa. Kipimo cha vinasaba kipo. Matokeo yaandikwe kwenye cheti cha usajili. Wapo wanaohofia kwamba tutapoteza mbegu bora. Hofu hiyo naielewa, lakini hakuna anayelazimika kumhasi mbeba kasoro: akipandishwa na asiye nayo, hazaliwi mtoto mwenye ulemavu huo. Anayenunua dume ana haki ya kujua kama ni mbeba kasoro kabla ya kulipa.