GAWIO NONO LISITUPUMBAZE

Siku hizi wako ndugu zetu wafugaji, hata wa Nainokanoka kule juu ya Kreta, wanaouza madume na kutaka fedha yao ikae kwenye hisa za Soko la Dar es Salaam. Jambo hilo twaliunga mkono. Ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kulima hakuruhusiwi, na ukame wa mwaka 2009 ulionyesha jinsi mali ya ukoo mzima inavyoweza kulala chini kwa msimu mmoja. Lakini yako maneno yanayonong'onwa minadani ambayo hatuwezi kuyanyamazia: eti mtu anunue tu kampuni itoayo gawio kubwa kuliko zote, kisha alale usingizi miaka 20.

Sisi twasema hapana.

Tazameni hesabu. Hisa ya shilingi 500 ikitoa gawio la shilingi 50, hiyo ni 10 kwa 100. Sasa kampuni ipatwe na matatizo, watu waikimbie, bei ishuke mpaka 250. Gawio la mwaka uliopita ni lile lile 50, basi kwenye karatasi linasomeka 20 kwa 100! Mgeni husema, "Lo, neema!" Kumbe wenyeji wamekwisha kuhama.

Na hata kampuni isiyo na ugonjwa, yafaa kuuliza gawio lake latoka wapi. Mfugaji ajua kwamba ndama huachiwa chuchu zake. Akamuaye zote nne hujaza kibuyu leo, na mwaka wa tatu hana mtamba. Kampuni ikipata faida ya shilingi 100 ikagawa 95, imebakiwa na 5 za kununulia mashine na kufungulia matawi. Na shilingi 50 zisizoongezeka, baada ya miaka 15 hazitanunua sukari ile ile.

Mfano wa nyumbani upo. Benki ya CRDB iliwauzia wananchi hisa mwaka 2009 kwa shilingi 150 kila moja. Gawio la mwaka 2015 lilikuwa shilingi 17. La 2016 likashuka kuwa 10, na la 2017 likawa 5 tu. Apimaye kwa gawio peke yake angeona benki imekufa, akauza. Aliyevumilia, akatazama kama mikopo mibovu inapungua, alipata shilingi 36 kwa mwaka 2021, 50 kwa mwaka 2023, na 65 kwa mwaka 2024. Yaani ile hisa ya 150 ilimletea kwa mwaka mmoja zaidi ya 40 kwa kila 100 aliyotoa, kabla ya kodi ya 5 kwa 100 ikatwayo kwenye gawio. Zile shilingi 5 zisingemwonyesha mtu jambo hilo.

Mzee atakaye fedha ya dawa na chai kila mwaka, gawio nono lamfaa, mradi asiweke yote katika kampuni moja. Lakini kijana mwenye miaka mingi mbele yake hana budi kuuliza: gawio hili limelipwa hata miaka mibaya? Limetoka katika faida au katika mkopo? Kampuni zilizo sokoni zalazimika kutangaza hesabu zao. Dalali wa hisa asiyetaka kuzieleza kwa Kiswahili, na atafutwe mwingine.

Na ada ya shule ya Januari isipelekwe huko kabisa. Hiyo ibaki zizini.