Umetoka Osiri na Unataka Masters ya Usanifu Majengo? Soma Hii Kwanza

Msee, kama umetoka Osiri kwa wachimba dhahabu na uko na digrii ya usanifu majengo, usichague jiji juu ya raha. Mpaka wa Isebania uko hapo tu, lakini Dar ni mbali kuliko Nairobi. Nauli na keja zinamaliza ganji mapema.

Kabla utume maombi Ardhi ama Makerere, uliza BORAQS kama hiyo karatasi itakusaidia. Bila usajili wao, huwezi jiita akitekti hapa Kenya.

Halafu, na mimi ningeanza na hii, uliza lekchara: nikitaka kusomea Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe bila simiti zilizoingia UNESCO 2018, nani atanisimamia? Ziko Migori, kwenu. UoN wakikujibu poa, mbona uvuke mpaka?