Asili ya Picha Isitupwe

Siku hizi ni nadra katika mwambao wetu kwa arusi, maulidi au kisomo cha mtu mkubwa kupita bila ya kijana mwenye kamera kusimama pembeni akinasa picha za video. Jambo hilo sisi twalipongeza. Wazee waliokuwa na tungo vifuani wengi wametangulia mbele ya haki, naye Ahmed Sheikh Nabhany, ambaye husifiwa kwa kutupa neno "runinga", alifariki mwaka 2017. Waliosalia ni wachache, na sauti zao zikinaswa pamoja na nyuso zao, hiyo ni akiba.

Lakini pana tabia moja imezoeleka miongoni mwa mafundi wetu wa video ambayo yafaa ikemewe, nayo ni kufuta picha za asili mara tu kazi ya kukata na kuunga imalizikapo, na pengine hata kabla haijaanza.

Hutokea hivi. Kijana arudi nyumbani na kadi yake, aitia katika kompyuta ya sebuleni, na picha zaanza kukwama. Sauti ya mzee yatangulia, mdomo wafuata. Kijana aona kazi itamshinda, basi azigeuza picha zote ziwe ndogo na hafifu ili mashine yake iziweze, kisha aifuta kadi apate kuitumia Jumamosi ijayo. Ile nakala hafifu ndiyo ibakiayo duniani.

Yafaa ieleweke kwamba kadi haikuwa na kosa lolote. Kamera nyingi za majumbani zenye picha safi zilikuwa zikifuata utaratibu uitwao AVCHD, uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Picha za namna hiyo zina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, na kwetu hunaswa picha 25 kwa sekunde. Kama zingewekwa zote bila kubanwa, saa moja ingejaza gigabaiti 280 hivi. Kamera huzibana mpaka zikawa gigabaiti 11 hata kwa kiwango cha juu cha megabiti 24 kwa sekunde.

Huzibana vipi? Mfano wake ni daftari la mwenye duka. Jina la mdeni laandikwa mara moja juu ya ukurasa, na chini yake mna vialama tu vya kusema "ni yule yule wa juu". Kamera nayo huandika picha moja kamili, kisha kwa muda wa kama nusu sekunde huandika yale tu yaliyobadilika: mkono ulioinuka, kilemba kilichoinama. Ukitaka kukata katikati, kompyuta hailioni jina. Yabidi irudi juu, ilitafute, ijenge upya kila picha ya katikati, nayo yatakiwa kufanya hivyo mara 25 kwa sekunde. Mashine kuukuu hulemewa. Mkwamo ule uko katika kompyuta, haumo katika picha, na picha zilizokuwa zikizishinda kompyuta za majumbani za mwaka 2007 leo simu ya mkononi yazionyesha bila taabu. Aliyezitunza anazo. Aliyezifuta kwa kuwa mashine yake ya siku ile haikuziweza hana la kufanya.

Waliosoma chuoni hawahitaji kuelezwa tofauti ya kupokea neno kwa mwalimu mwenyewe na kulipokea kwa aliyesikia kwa aliyesikia. Kila video igeuzwapo na kubanwa upya, kitu huachwa njiani. Katika zefe la Maulidi ya Lamu, watu wakiwa wamejaa njia nzima na matari yakipigwa, kila kitu hubadilika kwa pamoja, na hapo ndipo mbano huwa mkali: nyuso hugeuka vijiraba, na herufi za bendera hazisomeki. Banua na ubane mara tatu, halafu upitishe kwa WhatsApp, na hutamjua nduguyo.

Lakini la sauti ndilo linalotutia hofu zaidi. Kadi za kamera hizi kwa kawaida hazipokei faili lizidilo gigabaiti 4, kwa hivyo maneno ya mzee aliyesoma saa nzima hukatwa na kamera yenyewe vipande vipande, kila baada ya dakika 20 hivi, na kwa kamera nyingine 10. Ndani ya kadi mna folda zenye maelezo ya namna vipande vile vinavyofuatana. Fundi mwenye haraka hachukui folda. Huchomoa faili moja moja na kuziunga kwa mkono, na penye kiungo sauti yaweza kuruka kwa kipande cha sekunde. Katika hotuba ya harambee hapana atakayeona. Katika shairi la mizani 16 mshororo, kipande cha sekunde ni silabi nzima, na huenda ikawa ndiyo kina. Atakayekaa miaka 30 baadaye kuliandika shairi lile kutoka katika video ataandika mizani 15, na atasema mzee alikosea. Nani atamtetea, naye yu kaburini? Na kama ni kisomo cha Kurani, kila aliyekalishwa mkekani ajua uzito wa herufi moja.

Dawa haina gharama kubwa. Kwanza, kadi inakiliwe nzima, folda zote kama zilivyo, katika diski mbili, kabla ya kukatwa hata sekunde moja. Pili, kwa kazi ya kukata, itengenezwe nakala nyepesi. Programu za bure kama Shotcut na Kdenlive huzitengeneza, na kazi ikimalizika hurejea kwenye picha za asili kutoa video ya mwisho. Wako pia wapendao kugeuza picha ziwe katika mtindo usiobanwa sana, kama ProRes ya Apple iliyotoka mwaka 2007, ambapo saa moja huchukua gigabaiti 55 hivi. Diski hujaa mara tano zaidi lakini kompyuta hupumua, kwani kila picha imekamilika yenyewe. Njia zote mbili ni njema. Twalipinga lile la kuikata asili na kuitupa. Tena kamera iwekwe kwenye kiwango cha juu tangu mwanzo. Kadi ya gigabaiti 32 itatosha karibu saa 3, na kisomo ni nadra kuzidi hapo.

Hapa patatokea mtu aulize: je, na picha za kupamba? Hili ni swali la haki. Katika kupamba wanawake hukaa wenyewe kwa wenyewe, vichwa wazi na vipambo vyao, na mpiga picha huwa mwanamke. Kisha kadi hupelekwa kwa fundi wa kompyuta ambaye pengine ni mwanamume, na picha zikabaki katika mashine ile ile ipelekwayo kutengenezwa dukani ikiharibika. Tuliposema asili isitupwe hatukuwa na maana kwamba ikae kwa fundi. Asili ni mali ya wenye shughuli. Akatwaye picha hizo awe mwanamke, na wako wasichana wetu wengi wenye ujuzi huo ambao hawapewi kazi; akimaliza, akabidhi diski kwa mama wa bibi arusi mkononi, na afute kila nakala iliyobaki kwake, ile nyepesi na ile nzito, mbele ya aliyemwajiri.

Kamati za misikiti na madrasa nazo zina hifadhi ya vitabu. Diski 2 za maulidi ya kila Mfungo Sita hazitaijaza rafu. Ama wenye arusi, tunawaomba wanapopatana bei na mpiga picha wasikomee kwenye saa za kazi na idadi ya nakala. Waulize asili itakabidhiwa lini, kwa nani, na diski ni ya nani kununua, na jibu liandikwe kabla ya malipo ya kwanza kutoka.