Darasa Ndani ya Gereza

Je, msomaji, mwanao aliye chuoni akikuambia kuwa muhula huu atakuwa akienda jela kila wiki kusoma, utamjibuje? Wazazi wengi wangeruka. Karo yote hiyo, kisha mtoto akaketi na wezi na wauaji!

Lakini hebu fikiria. Kijana anayesomea mambo ya uhalifu na sheria ndiye afisa wa polisi wa kesho, ama hakimu. Atamfunga mtu miaka saba ilhali yeye mwenyewe hajawahi kusikia lango la gereza likifungwa nyuma yake.

Kuna vyuo hupeleka wanafunzi ziara ya siku moja. Wanapitishwa huku na huku, wanachungulia, wanaondoka. Mimi ziara hizo sizipendi. Mfungwa hutazamwa kama mnyama wa mbugani.

Mwaka wa 1995, Lori Pompa, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Temple mjini Philadelphia, Marekani, alifanya ziara gerezani na wanafunzi wake. Walikaa wakazungumza na wafungwa, na mmoja wao, aliyefungwa maisha, akamwuliza: kwa nini haya yasiwe masomo ya muhula mzima? Darasa la kwanza likaanza mwaka wa 1997. Mpango huo, uitwao Inside-Out, umeenea hadi nchi nyingine.

Wanafunzi huketi kwa duara, mmoja wa nje, mmoja wa ndani. Vitabu ni vile vile, insha ni zile zile. Hujadili kwa nini watu huvunja sheria, adhabu ni ya nini, na aliyedhulumiwa hupata nini. Hakuna kumwuliza mwenzako alitenda kosa gani. Lakini jaribu kutetea vifungo virefu huku aliye ubavuni pako anahesabu miaka yake!

Katika gereza la Graterford, wafungwa waliosoma mwaka wa 2002 walikataa kutawanyika. Waliendelea kukutana, na baadaye wakasaidia kuwafunza wahadhiri wa vyuo vingine. Naam, mfungwa akimfunza mhadhiri.

Sharti moja huwauma wengi: masomo yakiisha, hakuna barua, simu wala kutembeleana. Ni gumu, ila naliunga mkono. Urafiki mmoja ukiingia mashakani, wakuu wa jela watawafungia mlango wanafunzi wote wajao. Kwa hivyo siku ya mwisho hufanywa sherehe ndogo, watu huagana, wa nje hupanda basi na wa ndani hurudi selini.