Paavo Nurmi na Hisabu ya Nafsi

Vijana wetu wengi, wakishindwa katika jambo, huwa wepesi wa kutafuta wa kumlaumu, leo mwamuzi, kesho bahati, keshokutwa umasikini wa wazazi. Na kwa hao napenda kuleta khabari za Paavo Nurmi, mkimbiaji wa Ufini aliyezaliwa mjini Turku mwaka 1897, ambaye sababu za kulalamika alikuwa nazo tele. Baba yake, seremala, alifariki naye angali mtoto, ikambidi aache shule na kuajiriwa katika duka la mikate, kazi yake kusukuma mkokoteni wa mizigo akipanda vilima vya mji. Na baadaye alikiri kuwa vilima vile ndivyo vilivyomtia nguvu za miguu na mgongo.

Mwaka 1920, katika Michezo ya Olimpiki kule Antwerp, kwenye mbio za mita 5,000, alishika mwendo wa kuwachosha wenzake, na mwishoni Mfaransa Joseph Guillemot akampita. Ibra imo katika yaliyofuata. Alianza kukimbia na saa mkononi, akizigawa nguvu zake sawasawa tangu mzunguko wa kwanza hata wa mwisho, kama mfanyabiashara mwaminifu asiyelala bila ya kufunga daftari lake. Walikuwako waliomsema kuwa ni mtambo, si mwanadamu, hana tabasamu wala maneno. Na ukimya wake huo, kwa kweli, siusifu. Lakini hebu tuulize: hisabu ile ilimpunguzia nini?

Tarehe 19 Juni 1924, mjini Helsinki, aliijaribu kazi iliyokuwa ikimngoja katika Olimpiki ya Paris: alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 52.6, akapumzika kidogo, kisha akakimbia mita 5,000 kwa dakika 14 na sekunde 28.2, na zote mbili zikawa rekodi za dunia. Ilipofika tarehe 10 Julai, akashinda mbio hizo zote mbili kwa alasiri moja, na ile ya pili alimtangulia Mfini mwenziwe, Ville Ritola, kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Siku mbili baadaye, katika mbio za nyika, chini ya jua kali lililowaangusha watu njiani, walitoka 38 wakamaliza 15, na wa kwanza alikuwa yeye.

Basi, enyi vijana, mwanafunzi na fundi na mkulima, mtu asiyejua jana alitenda kiasi gani hana haki ya kunung'unika kwamba leo hakutendewa insafu.

Na Nurmi mwenyewe hakutendewa insafu. Viongozi wa kwao walikataa kumwandikisha katika mita 10,000 kule Paris, na nishani ya dhahabu akaitwaa Ritola. Tarehe 31 Agosti mwaka ule ule, mjini Kuopio, Nurmi alikimbia masafa hayo kwa dakika 30 na sekunde 6.2, na rekodi hiyo haikuvunjwa mpaka mwaka 1937, na aliyeivunja, Ilmari Salminen, alikuwa Mfini pia.