Kimelea cha Malale na Homoni Zake

Askari aliyekuwa hodari lindoni aanzapo kusinzia mchana kutwa, na usiku akakosa usingizi, wenzake humwita mvivu. Pengine mvivu siye. Pengine aliumwa na mbung'o.

Mdudu huyo humtia mtu tripanosoma, kiumbe cha seli moja kionekanacho kwa darubini tu. Zamani ilidhaniwa kuwa homa na maumivu ya kichwa na misuli hutokana na mwili wenyewe kupambana na mgeni. Mwili hutoa prostaglandini, aina ya mafuta itumwayo kama tarishi baina ya seli. Kazi yake yafanana na ya homoni, ila homoni husafiri mbali kwa damu, na tarishi huyu hutumika jirani.

Mwaka 2000 mtaalamu Bruno Kilunga Kubata na wenzake walitangaza jambo la kustaajabisha: kimelea chenyewe chajua kuitengeneza, kwa kuigeuza asidi ya arakidoni, ambayo ni mafuta yaliyomo miilini mwetu. Mwaka 1998 walikuwa wameonyesha kuwa kimelea cha malaria nacho hufanya hivyo, na aspirini, izuiayo kiwanda cha mwili wetu, haikukizuia chake.

Tripanosoma hutoa zaidi ile iitwayo F2 alfa. Hii hukaza mji wa mimba (madaktari wa mifugo huitumia kumleta ng'ombe kwenye joto), kwa hiyo hushukiwa katika mimba ziharibikazo kwa wagonjwa wa malale. Nduguye, D2, huleta usingizi ubongoni, na imepatikana kwa wingi katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa waliozidiwa. Si yote ya kimelea. Ubongo nao huitoa. Tena D2 ikizidi, vimelea vyenyewe hufa. Wako wataalamu waonao kwamba hivyo ndivyo vijipunguzavyo, visije vikamwua mwenyeji kabla mbung'o mwingine hajanywa damu yake.

Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za malale: ya kaskazini magharibi huenda polepole, ya kusini mashariki huua upesi, na ng'ombe huihifadhi. Basi mume akirudi kutoka doria za mwituni akashikwa na homa isiyosikia dawa ya malaria, mama, mpeleke akapimwe damu, na umweleze daktari alikopita. Siku hizi viko vidonge vya feksinidazoli, vilivyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani kwa aina zote mbili.